Kwa Baiskeli Mpaka Sur

Ibra, 25 Januari 2025

Dada yangu Bikombo,

Assalaamu alaykum. Natumai picha ya barua hii itakukuta wewe na Mama mko wazima, na mguu wake umepungua kuvimba. Mimi mzima isipokuwa mgongo, na mgongo nishauzoea.

Nimeamua kuandika kwenye karatasi na kuipiga picha, kwa sababu tukizungumza kwenye simu Mama huwa ubavuni mwako anasikia yote, na haya si ya Mama kusikia.

Uliniuliza neno moja tu, nitarudi lini. Ulisema shemeji kahamishiwa kazi Unguja na anakutaka uende, na Mama hataki kuhama Konde, na huwezi kumwacha peke yake. Miaka yote hii umemwangalia wewe. Najua zamu ni yangu. Mkataba wangu unamalizika Aprili, na ningekujibu kuwa Aprili nakuja. Lakini kuna jambo nimelikubali mwenyewe, basi nikueleze.

Mzee Harub, mwenye shamba ninalofanyia kazi, kazaliwa Unguja mjini, akaletwa huku Arabuni akiwa mtoto. Kafanya kazi ya serikali mpaka kastaafu, sasa anakaa Ibra na mitende yake. Mwaka juzi moyo ulimsumbua akalazwa. Pale kitandani akaweka nadhiri: Mungu akimnyanyua, atakwenda Sur kumwamkia dada yake mkubwa, Bi Ghaniya, kwa nguvu ya miguu yake mwenyewe. Akanyanyuka. Sasa Sur si karibu, hata kwa gari unachoka kukaa. Akauliza wajuzi, akaambiwa baiskeli nayo ni miguu. Daktari akamruhusu, ila taratibu. Mwanawe Tamim, anayefanya kazi Nizwa, akampa baiskeli yake ya zamani, nyepesi utadhani imetengenezwa kwa mabua.

Huku watu wanaendesha baiskeli kwa kupenda. Tamim na wenzake wana kazi za ofisini na magari mazuri, lakini Ijumaa asubuhi wanatoka Nizwa mpaka Adam kwa baiskeli, wamevaa nguo za kubana, hawakubeba kitu wala hawendi kwa mtu. Wakifika wanageuka. Mimi baiskeli naijua ya kupeleka mihogo Wete. Nilimuuliza Tamim wanafuata nini. Akafikiri, akasema, "Upepo, ami. Sisi anapenda upepo." Kiswahili chake ndivyo kilivyo.

Kazi yangu ya Ijumaa, basi, Mzee anapojizoeza, ni kumfuata na pikapu, na maji, na mipira ya akiba. Juzi aliniomba mkataba ukiisha nisiondoke mpaka nadhiri itimie. Hakunilazimisha. Angenilazimisha ningekataa. Aliniomba kama mtu anavyomwomba ndugu yake, akasema hana mwengine wa kumwamini nyuma yake, na siku atakayogonga mlango wa Bi Ghaniya, atanipeleka mwenyewe uwanja wa ndege. Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: nitarudi Mzee akifika Sur. Na sasa hivi Al Qabil yenyewe, ambayo ni karibu, haifiki.

Nduguyo,
Shaame


Konde, 4 Februari 2025

Ndugu yangu Shaame,

Waalaykumu salaam. Sisi tupo na tunamshukuru Mungu. Mguu wa Mama leo unavimba kesho unanywea. Jana katembea mpaka kwa jirani na akarudi akijisifu. Wewe huo mgongo upake mafuta ya mgando, usiuzoee.

Barua nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza sikucheka. Mimi nimekuuliza siku, wewe umenipa mzee wa watu na baiskeli.

Shemeji yako si mtu mbaya. Kanipa mpaka masika yaishe. Hakusema baada ya hapo itakuwaje, na mimi sikumuuliza, kwa sababu ukimuuliza mtu atakujibu. Anakaa peke yake kule, anakula kwa majirani, na majirani wana mabinti. Mama nimemwambia twende sote. Anasema umri wake huu hawezi kuanza kujifunza usingizi wa nyumba nyengine.

Na wewe tangu mdogo huwezi kumkatalia mtu anayeomba kwa adabu. Basi na mimi naomba kwa adabu: rudi.

Mama hajui habari za mkataba. Nilimsimulia zile nguo za kubana tu, kauliza kama na huyo Mzee anazivaa.

Dada yako,
Bikombo


Ibra, 27 Februari 2025

Dada yangu,

Assalaamu alaykum. Ramadhani iko mlangoni, kwa hiyo kwanza tusameheane, wewe na mimi na Mama, kwa lililosemwa na lisilosemwa. Mimi mzima. Mafuta nimepaka.

Mwambie Mama kuwa Mzee havai nguo za kubana. Anavaa suruali ndefu ya pamba na shati la mikono mirefu, na kofia ngumu ya baiskeli kaiweka juu ya kofia yake ya kushona, kwa hiyo inakaa kama sufuria kwenye mafiga.

Mwezi huu kazi ni nyingi. Mitende imetoa makole ya maua, na kila mtende wa kike unataka kupandiwa na kutiwa unga wa dume kwa mkono. Nashuka miguu inatetemeka. Upepo nao haulali. Ni upepo wa kaskazini, wao wanauita shamali, na mtu anayekwenda njia ya Sur humpiga ubavu wa kushoto.

Sasa sikiliza. Ijumaa moja mwanzoni mwa mwezi, Mzee alikuwa akienda kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa. Akaniashiria nisogee. Nikaja kushoto kwake, maana huku tunapita upande wa kulia, kwenye barabara ya zamani isiyo na magari mengi, taa za tahadhari zinawaka, nikashusha kioo cha kulia, tukaenda sambamba. Alitaka kuzungumza tu. Mkewe kafariki, watoto wanamjibu kwa Kiarabu, wa kusema naye Kiswahili kabakiwa na Bi Ghaniya kwenye simu na mimi. Akanisimulia mwalimu wao wa chuo cha Kurani kule mjini, aliyekuwa akisinzia na bakora mkononi, na watoto wakashindana nani ataichomoa. Alikuwa akicheka na miguu inazunguka. Tukaipita Al Qabil. Tukafika Bidiya, kwenye michanga yenyewe ya jangwani.

Akashuka, akanishika bega. "Unaona, Shaame? Kiswahili kina nguvu. Nikikisema, miguu haisikii kitu."

Kurudi tulirudi garini, baiskeli nyuma, maana nadhiri ni ya kwenda tu. Jioni akampigia Bi Ghaniya, akampigia na binti yake mwenyewe, Aseel, akawaambia habari hiyo ya Kiswahili. Mpaka muuza duka anaijua.

Wiki ile Tamim alikuja. Nikamuuliza kwa nini yeye na wenzake, upepo ukiwa wa ubavu, hujipanga mshazari kama meno ya msumeno. Akasema kila mmoja anajificha upepo nyuma ya mwenzake, na anayekaa upande wa upepo akichoka, mwengine anashika nafasi yake. Nikamuuliza, na gari je? Akacheka. Gari ni ukuta, akasema.

Ijumaa iliyofuata nikafanya jaribio. Katikati ya mazungumzo nikabaki nyuma, nikasingizia natazama tairi. Mzee akainama, akaanza kusukuma ule mlango. Nikarudi ubavuni, akainuka akaendelea na hadithi pale alipoachia. Si Kiswahili, dada. Ni pikapu.

Sikumwambia. Siku ya kwanza niliendesha pale kwa sababu kaniita. Sasa naendesha pale kwa makusudi, na upepo ukigeuka kidogo na mimi nageuka nao. Ana furaha ambayo sijapata kumwona nayo. Kasema baada ya Idi anakwenda Sur. Nikiliweka gari pale pale atafika, na mimi nitakuja.

Nakwambia wewe kwa sababu sina mwengine wa kumwambia.

Nduguyo,
Shaame


Konde, 18 Machi 2025

Ndugu yangu,

Waalaykumu salaam. Saumu inakwenda vizuri. Mama kakatazwa kufunga na anafunga, ukimsemesha anajifanya hasikii. Mvua za mwanzo zimeanza.

Barua yako imenipa raha na imeninyima usingizi, lakini raha ni nyingi zaidi. Nilikaa nikaipima. Mzee anafurahi, wewe unarudi, mimi nakwenda kwa mume wangu. Nani kaumia hapo? Nadhiri ni baina yake na Mola wake, na Mola analiona gari. Halikufichika kwake. Basi mwachie.

Shemeji yako alikuja siku mbili, kafuturu nasi. Hakusema kitu kuhusu kuhama. Aliondoka na godoro la pili, akasema la nini hapa. Umeelewa? Mimi nimeelewa kuwa yeye hapa harudi tena kulala.

Kwa hiyo nyamaza, Shaame. Nyamaza njiani, nyamaza mkifika, nyamaza na kwenye ndege.

Dada yako,
Bikombo


Ibra, 20 Aprili 2025

Dada yangu,

Assalaamu alaykum, na Idi njema ingawa imepita. Natumai mko wazima nyote. Mimi mwili mzima.

Wakati wa Ramadhani hatukutoka barabarani. Baada ya Idi, Mzee akataka Ijumaa moja ya kujikumbusha kabla ya safari yenyewe. Tukatoka baada ya sala ya alfajiri. Nikasogea kushoto kwake, nikashusha kioo kama kawaida, na kabla hatujatoka mjini nikajua. Mchanga ulikuwa ukiingia kwa lile lile dirisha la kulia. Upepo ulikuwa umehama. Ulikuwa ukitoka kwenye michanga, kulia kwetu, na kulia kwake hakuna nafasi ya gari, ni kokoto na michongoma.

Alijitahidi. Alipoona miguu mizito akaniambia niseme zaidi. Nikamsimulia Konde yote, nikamsimulia Mama na saumu yake, nikawa nasema mpaka mate yamenikauka. Hatukufika hata Al Mudayrib. Akasimama, akaiegemeza baiskeli kwenye mtende wa watu, akakaa chini. Aliweka mkono kifuani. Halafu akaniambia moyo umerudi ule ule, Kiswahili hakimpi kitu tena, na mtu akikatika nguvu namna ile ndiyo dalili. Akaanza kuniachia wasia. Shamba la juu la Aseel, la chini la Tamim, Bi Ghaniya aombwe radhi kwa niaba yake kwa sababu hakufika.

Najua uliniambia ninyamaze. Kwa mtu anayefurahi niliweza. Kwa mtu aliyekaa kando ya barabara anaaga dunia kwa ajili ya upepo, sikuweza.

Nikamwambia, "Mzee, moyo wako mzima. Upepo ndio uliohama." Nikamweleza la gari, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Akauliza, "Na wewe ulijua?"

Nikasema Ijumaa ya kwanza sikujua, ya pili nilijua.

Aliinuka, akaibeba baiskeli mwenyewe akaitia nyuma ya pikapu, na yeye akapanda huko huko nyuma, akakaa na baiskeli yake mpaka nyumbani, na upepo wote ule. Nilimtazama kwenye kioo njia nzima. Hakujikinga hata uso.

Tangu siku ile ananisemesha Kiarabu. Cha kazi tu. Fungua maji, funga maji. Hospitali alikwenda, moyo hauna kitu. Baiskeli iko stoo.

Basi safari ya Sur haipo, na ya kwangu ilikuwa imefungwa humo humo. Sijui nikwambie nini kuhusu masika.

Nduguyo,
Shaame


Ibra, 11 Mei 2025

Dada yangu,

Assalaamu alaykum. Hukujibu. Kwenye simu unampa Mama, na Mama akimaliza inakatika. Naona alama kuwa barua uliifungua. Natumai uko mzima pamoja na hasira zako.

Jana alasiri nilikuwa ndani ya falaji, mfereji unaoleta maji shambani, nazoa tope. Mzee akaja, akavua viatu, akakaa ukingoni na miguu majini. Akaniamkua kwa Kiswahili. Nikasimama. Akaniambia endelea na kazi, basi yote aliyoyasema aliyasema na mimi nazoa tope.

Alisema wiki za mwanzo alinikasirikia mimi. Baadaye akajikasirikia yeye kwa kuwa mtu mzima aliyetembea akitangaza kila mahali kuwa lugha inamwendeshea baiskeli. Bi Ghaniya alipopata habari alicheka mpaka akaletewa maji. Halafu akamuuliza nduguye: huyo kijana, mkataba wake si uliisha? Anangoja nini huko?

Kisha Mzee akasema, "Nadhiri ni yangu, Shaame. Nilikufunga ndani yake, wewe na dada yako nisiyemjua. Hiyo haikuwa haki. Nenda kwenu."

Nikamuuliza nani atakwenda nyuma yake. Akasema hilo si langu tena. Akaniuliza jambo moja, nimjibu kweli: bila ya gari, alikuwa na uwezo wa kufika wapi? Nikamwambia Al Mudayrib, siku upepo ukilala. Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Akasema basi ndipo pa kuanzia.

Tiketi ni ya tarehe ishirini na nne. Masika huko hayajesha, nimemuuliza Mama. Niambie tu nitakukuta au nitakuta nyumba na Mama peke yake.

Nduguyo,
Shaame


Unguja, 2 Agosti 2025

Ndugu yangu Shaame,

Assalaamu alaykum. Natumai wewe na Mama mko wazima, na umeshajua kuwa chai yake hainywi ikiwa na majani juu. Sisi wazima.

Siku uliyoingia nilikuwa na mkoba tayari na boti ya asubuhi, hatukusema kitu cha maana. Wewe ulikuwa umekonda, na mimi nilikuwa na haraka. Kwa hiyo nasema sasa. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikujuta. Nilikwambia unyamaze. Wewe ukapima huruma ukampa mtu baki, na mimi nikabaki kwenye mizani upande wa pili. Bado naiona hivyo siku nyengine. Siku nyengine nafikiri, angekuwa ni Mama kando ya barabara, na dereva akanyamaza.

Shemeji yako alinipokea bandarini. Nyumbani nikakuta kanunua sufuria mpya, kubwa, ya watu wengi. Mabinti wa majirani nimewaona. Wazuri kweli.

Dawa ya Mama ya usiku aipate baada ya kula, si kabla, hata akisema mimi nilikuwa nampa kabla.

Huyo Mzee wako bado anaendesha?

Dada yako,
Bikombo


Konde, 29 Machi 2026

Dada yangu,

Assalaamu alaykum, na natumai Idi mmeila vizuri, na mtoto aliyeko njiani anakupunguzia kichefuchefu. Sisi wazima. Mama anataka aitwe jina lake, hata akiwa mwanamume.

Uliniuliza habari za Mzee Harub nami nikakuandikia sijui. Nilikuwa sijui. Hakuandika chochote mpaka joto la kule lilipopungua. Siku moja mwezi wa Novemba ukaja ujumbe wenye neno moja: Al Mudayrib. Nikajibu hongera. Hakuendelea. Baada ya muda ukaja mwengine: Al Qabil. Mwezi wa Februari, kabla ya Ramadhani: Bidiya. Tamim aliniambia yeye ndiye anayemfuata na gari, ila kakatazwa kusogea. Alimwambia babake upepo mbaya mno, akaambiwa kama anaona baridi afunge kioo.

Ijumaa hii asubuhi nilikuwa nampa Mama uji. Simu ikalia, namba ya Mzee. Nikapokea, nikasikia upepo tu, unapiga kama mtu anakung'uta turubai, na ndani yake pumzi. Nikamwamkia. Akasema yuko njiani tangu jana, kalala Al Kamil, na sasa kabakiwa na kipande cha mwisho na upepo unampiga usoni. Simu iko mfukoni, waya masikioni.

Akasema, "Sema."

Nikamuuliza niseme nini.

"Chochote. Kwa Kiswahili."

Nikamkumbusha kuwa hakina nguvu yoyote, tulishalijua hilo. Akasema analijua vizuri kuliko mimi, niseme tu.

Nikasema. Nilimwambia mvua zimechelewa. Nilimwambia mbuzi wa jirani kaingia akala kanga ya Mama kwenye kamba, na Mama kamfukuza na mwiko, kwa ule ule mguu. Nilimsimulia mihogo, na bei ya karafuu, na wewe. Uji ukapoa. Mama akauliza nasema na nani, nikamwambia yule mzee wa baiskeli. Akanipokonya simu, akampa salamu, akamweleza mguu wake tangu ulipoanza kuvimba mpaka leo, hakuacha hospitali hata moja. Mimi nikawa naogopa atamchosha. Nilipoirudisha simu sikioni, pumzi ilikuwa ile ile, haijapungua wala haijazidi, na nikasikia honi za magari na watu, nikajua kaingia mji.

Sikusema kitu tena. Upepo nao ukakatika, nadhani kaingia kwenye vichochoro. Nikasikia breki. Nikasikia mlango wa chuma unagongwa, na baada ya muda mrefu sauti ya mwanamke mzee, kwa Kiswahili cha mjini: "Nani huyo?"

Akasema, "Mimi, dada."

Halafu simu ikakatika. Hajapiga tena, na mimi sijampigia.

Mama nilimtilia uji mwengine, kaumaliza. Dawa nampa baada ya kula.

Nduguyo,
Shaame